Anza na bomba, jiko litafuata

Mtu akinipigia simu kuniambia amenunua jiko la kuni na anataka nikamfungie, swali langu la kwanza huwa ni hili: paa la nyumba yako likoje? Wengine hudhani nimesikia vibaya, wanarudia, "Ni jiko, fundi, jiko." Nimesikia. Ila nyumba nyingi nilizoitwa kutengeneza jiko "bovu", jiko nimelikuta zima kabisa, ubovu uko mita tatu juu yake.

Jiko la kuni lenye mlango ni sanduku tu. Mfanyakazi ni bomba la moshi. Hewa ya moto iliyomo bombani ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje, kwa hiyo inapanda, na inapopanda inavuta hewa mpya kupitia matundu ya mlangoni. Sisi tunauita mvuto. Mvuto ukiwa mzuri, unafungua mlango taratibu moto ukiwaka na hata uzi wa moshi hautoki. Ukiwa mbaya, jiko la fahari namna gani litakutoa machozi. Bomba likiwa refu na likibaki na joto mpaka juu, mvuto unakuwa na nguvu; likiwa fupi, limepoa au limekunjwakunjwa, mvuto unakufa. Karibu kila uamuzi ninaoufanya kwenye kazi hii ni wa kuulinda huo mvuto.

Benjamin Franklin, yule mvumbuzi wa Marekani, naye aliteleza hapo hapo. Jiko la chuma alilolibuni mwaka 1742 liliulazimisha moshi ushuke kwanza nyuma ya jiko ndipo upande, ili joto lisipotee bure. Kwenye mchoro inapendeza. Ndani ya nyumba, moto ukififia kidogo tu, moshi hauna nguvu ya kushuka, unarudi chumbani. Baadaye wengine, akiwemo mwanasayansi mwenzake David Rittenhouse, walilirekebisha kwa kuupa moshi njia ya kwenda moja kwa moja juu. Namkumbuka Franklin kila ninapokutana na mtu aliyekunja bomba mara tatu "ili joto libaki ndani".

Nikifika nyumbani, chombo cha kwanza kutoka mkobani ni timazi, uzi wenye kizito cha kupimia wima. Naining'iniza kutoka darini na kuangalia inatua wapi. Natafuta sehemu ambayo bomba litapanda wima, lipite katikati ya kenchi mbili, zile mbao zinazobeba paa, bila kukata hata moja, litokee paani karibu na kilele. Hapo ndipo jiko linapokaa. Mwenye nyumba kwa kawaida ana mawazo mengine: kuna kona anayoipenda, au anataka jiko litazamane na viti. Tunavutana kidogo. Kama hakuna namna, nakubali kona mbili kwenye bomba zima, na nazitaka ziwe za nyuzi 45, siyo 90, maana kila kona ni kama kuukanyaga moshi shingoni. Kipande cha kulala kikilazimika kuwepo kiwe kifupi, na kisilale kabisa: kiinuke walau sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea kule moshi unakokwenda.

Kuna wanaopenda bomba lipenye ukutani mara moja, kisha lipande kwa nje. Linafungika haraka na paa haliguswi. Mimi silipendi. Bomba lililosimama nje kwenye baridi na upepo linapoa kabla moshi haujafika juu, na moshi uliopoa ni mzito. Ikibidi lipite nje, basi liwe la kuta mbili lenye kizuia joto katikati.

Halafu umbali. Jiko jipya likiwa na maelezo ya kiwanda, fuata namba za humo hata kama zinakukera. Lisipokuwa na maelezo, mimi hutumia kipimo cha zamani: sentimita 90 kutoka jiko hadi kitu chochote kinachoweza kushika moto, na sentimita 45 kutoka bomba la ukuta mmoja. Watu hulalamika kwamba jiko linasimama katikati ya chumba kama mgeni asiyekaribishwa. Namba hizo hazitokani na woga. Mbao inayopata joto kila siku kwa miaka inabadilika taratibu, inakauka, inakaribia kuwa mkaa, na mwishowe inaweza kushika moto kwa joto ambalo mwaka wa kwanza lisingeifanya chochote. Ndiyo maana kauli ya "liko hapo miaka kumi halijaunguza kitu" hainitulizi. Unaweza kupunguza umbali kwa kusimamisha ngao ya bati mbele ya ukuta, lakini bati lisigusane na ukuta: liache uwazi wa sentimita 2.5 nyuma yake, wazi chini na juu, hewa ipite. Bati lililogongomelewa moja kwa moja kwenye mbao ni pambo. Joto linapita kama vile halipo.

Sakafu ni rahisi. Ya saruji, weka jiko. Ya mbao, jenga sehemu ya tofali au vigae juu ya ubao usioungua, itokeze walau sentimita 45 mbele ya mlango, maana makaa yanadondoka pale unapochochea. Hakikisha pia sakafu inabeba uzito, kwani jiko la chuma kizito linaweza kupita kilo 150.

Kwenye kuunga bomba nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo nilipoaibika.

Mwanzoni mwa kazi yangu nilifunga bomba lililonyooka vizuri mno, nikapiga picha nikaondoka. Baada ya wiki tatu mwenye nyumba akaniita. Ukuta wake mweupe ulikuwa na michirizi ya rangi ya kahawa iliyokolea, na kwenye kila kiungo cha bomba palikuwa na tone jeusi linalong'aa, zito kama asali iliyoungua, lenye harufu kali inayokwama kooni. Vipande vya bomba vina ncha mbili: moja imefinywa ili iingie ndani ya mwenzake. Mimi nilikuwa nimezielekeza ncha zilizofinywa juu. Niliwaza kama mtu wa moshi: moshi unapanda, basi kipande cha chini kiingie ndani ya cha juu, moshi usipate mwanya wa kutoroka. Sikuwaza kama mtu wa maji. Moshi ukipoa bombani unaacha kreosoti, majimaji ya lami ya kuni, na hayo hayapandi. Yanateremka. Ncha zikiangalia juu, majimaji yanakuta mwanya kwenye kila kiungo na kutokea nje. Ncha zikiangalia chini, yanateremka kwa ndani mpaka kwenye jiko na kuungua huko.

Nilifungua bomba lote, nikaligeuza, nikapaka ukuta rangi kwa mfuko wangu. Tangu siku hiyo ncha iliyofinywa inaangalia jiko. Kila kiungo nakitia skrubu tatu, kwa sababu bomba linatanuka na kusinyaa kila siku na kiungo kisichofungwa kitaachia usiku usioutarajia. Kipenyo cha bomba hakipungui hata kidogo kuliko tundu la jiko. Na mabati ya kupakwa zinki siyatumii kwa bomba la jiko: yakipata joto kali, zinki inatoa mvuke usiofaa kuvutwa.

Linapopita darini na paani, bomba la ukuta mmoja haliruhusiwi kugusa wala kukaribia mbao. Hapo naunganisha bomba la kuta mbili, naliacha na nafasi yake kuzunguka kama kiwanda kinavyotaka, na sijazi nafasi hiyo kwa kitu chochote, hata pamba ya kuzuia joto. Juu ya paa, kola ya bati inafungwa ili mvua isiingie. Urefu wa juu una kanuni ninayoitumia siku zote: bomba lipande sentimita 90 kutoka pale linapotobolea paa, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko chochote kilicho ndani ya mita 3, iwe kilele cha paa, ukuta wa jirani au tangi la maji. Bomba fupi lililojificha nyuma ya kilele linapigwa na upepo unaoporomoka, na moshi unarudi ndani kwa mafungu.

Mama mmoja alinipigia siku ya pili tu baada ya kumfungia. "Fundi, umenifungia jiko au tanuri la mkaa? Nyumba nzima inanuka moshi."

Nikaenda, nikamwomba awashe kama anavyowasha siku zote. Moto ukakubali, moshi ukapanda vizuri. Nikaanza kudhani kreti ya kuni ilikuwa mbichi. Kisha akanyoosha mkono, akabonyeza swichi ya feni ya kutoa hewa iliyoko ukutani. Ndimi za moto ndani ya jiko zikainama kuelekea mlangoni, zote kwa pamoja, kama zimeitwa jina. Moshi ukaanza kuchungulia pembeni mwa mlango. Nikafungua dirisha upana wa kidole. Ndimi zikasimama.

"Kumbe ni hii feni!" akasema. "Na mimi nimeshakusema kwa majirani wote, mwanangu."

Feni ilikuwa inatoa hewa nje, nyumba imefungwa madirisha yote, na njia pekee iliyobaki ya hewa kuingia ilikuwa bomba langu. Nyumba nayo inapumua, na jiko ni pua moja tu kati ya kadhaa. Ndiyo sababu siku hizi kabla sijapokea malipo nawasha kiberiti, nazima, naushika ule moshi mwembamba mbele ya mlango wa jiko ulioachwa wazi kidogo, huku feni zote zikiwa zimewashwa. Ukivutwa ndani, naondoka. Ukisukumwa kuja kwangu, tunatafuta tundu la hewa la kudumu.

Moshi unaoonekana walau unakufukuza. Kinachonitisha ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka hasa pale makaa yanapofifia na bomba limepoa. King'ora chake ni kifaa kidogo cha betri. Mimi nakiona ni sehemu ya jiko, sawa na mlango. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotokana na kupikia kwa kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Wengi wanaopikia hivyo hawana bomba la moshi kabisa. Wewe unalo, lisikudanganye ukalala na dirisha na tundu la hewa vimezibwa.

Siku ya kwanza usilishindilie jiko. Washa moto mdogo, uuache ufe, jiko lipoe kabisa, kesho ongeza, kesho kutwa ongeza tena. Chuma kizito kikishtuliwa kwa joto kinaweza kupasuka, na rangi mpya inapoiva inatoa harufu kali, kwa hiyo madirisha yawe wazi. Jiko la tofali na udongo linataka subira zaidi: wiki kadhaa za kukauka kabla ya kuona moto mkubwa, la sivyo maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke na kufungua nyufa. Asubuhi ya baridi, bomba likiwa limelala, choma karatasi moja iliyokunjwa karibu na tundu la bomba kwanza. Utasikia mvumo mdogo. Hapo bomba limeamka, washa kuni.

Na kuni ziwe kavu kweli. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Unazitaka zilizoshuka chini ya asilimia 20, ambayo kwa kuni zilizopasuliwa na kupangwa chini ya kivuli chenye upepo ni miezi sita hadi mwaka, wakati mwingine zaidi. Gonga mbili pamoja: kavu zinalia kama makofi, mbichi zinalia kama begi la nguo. Kuni mbichi inatumia moto wake kuchemsha maji yake yenyewe. Gesi zake hazifiki joto la takriban nyuzi 600 zinalohitaji ili ziungue, zinakimbilia bombani na kuganda kuwa ile lami iliyoniaibisha.

Baada ya miezi michache ya kwanza nafungua kipande cha chini cha bomba na kutandika gazeti. Masizi yakidondoka makavu, meusi kama unga, napiga brashi na kurudisha bomba. Yakiwa magumu, yanang'aa kama kioo cheusi na brashi inateleza juu yake, jiko haliwashwi tena mpaka bomba lisafishwe na mtu mwenye zana zake, kwa sababu hiyo ni kuni iliyohamia bombani, na ikishika moto huko joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Kisha naomba nioneshwe zilipo kuni.