Bajeti ndogo, uhalisia mdogo?
Wengi wetu tumezoea kuamini kuwa tamthilia ya upelelezi ya Kiafrika iliyotengenezwa kwa fedha kidogo haiwezi kuwa na uhalisia kama zile za Marekani. Sauti hukwaruza kweli, hilo halina ubishi. Lakini tazama upelelezi wenyewe. Kwenye tamthilia za kule, kompyuta inataja mwenye alama za vidole kwa sekunde chache. Katika maisha halisi, kwa kawaida mashine hutoa orodha ya alama zinazokaribiana tu, kisha mtaalamu huzikagua kwa macho. Kwenye tamthilia za huku, askari anaandika maelezo kwa kalamu, mlalamikaji anapewa namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa aliyoripoti polisi), shahidi anamwogopa jirani. Ukitaka kuhakikisha, muulize yeyote aliyewahi kuripoti simu iliyoibwa Dar es Salaam: alikaa kwenye benchi muda gani?