Stata Inazunguka, Gari Haliwaki: Usikimbilie Betri

Baridi ya Juni na Julai ikishika Uyole, hapa Mbeya, simu za alfajiri huwa ni zilezile: "Fundi, stata inapiga vizuri ila gari haliwaki. Njoo na betri." Hapo ndipo hela za watu zinapoanza kupotea. Stata ikizungusha injini kwa kasi yake ya kawaida, betri na stata vimeshafanya kazi yao. Betri ishuku pale stata inapozunguka kwa kujivuta na taa za dashibodi zikafifia. Injini ya petroli ina madai mengine: mafuta, moto wa plagi na mgandamizo, tena kila kimoja kwa wakati wake.

Wengine hulaumu mwinuko. Ni kweli, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ukipandisha barabara ya Tukuyu utaona nguvu ikipungua. Lakini gari la nozeli, yaani lisilotumia kabureta, lina sensa zinazopima hewa na kupunguza mafuta ipasavyo. Mwinuko haulizuii kuwaka.

Linalowaponza wengi ni geji. "Nina nusu tanki, kwa hiyo si mafuta." Geji hupima kilichomo tankini, haijui kama pampu inasukuma. Funga vioo, zima redio, fungua swichi bila kupiga stata, kisha tega sikio kwenye kiti cha nyuma. Magari mengi hutoa mlio mwembamba, "nziii", kama sekunde mbili. Mengine pampu hulia pale tu stata inapozunguka, kwa hiyo ukimya peke yake usikufanye ununue pampu. Mama mmoja muuza viazi alikuwa ameshaambiwa anunue. Nilichomoa rilei ya pampu, yaani swichi ndogo inayoipelekea pampu umeme, nikachomeka ya honi iliyofanana nayo namba kwa namba. Gari likawaka palepale, na magunia yake yakawahi soko.

Na kusukuma? Kusukuma ni kufanya kazi ya stata, ambayo hapa ni nzima. Gari la otomatiki ndiyo kabisa, utachosha vijana bure.

Ila mlio mmoja naomba muujue: stata ikizunguka nyepesi na haraka kuliko siku zote, kama injini haina kitu ndani, huenda mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini, umekatika. Kwenye baadhi ya injini, kuendelea kupiga stata kunaweza kupinda valvu. Toa ufunguo, fundi afungue kava aukague mkanda kwanza.