Nasaba ya Farasi wa Kiarabu katika Mazizi ya Watawala

Katika mazizi ya watawala wa zamani wa nchi za Kiarabu, farasi alipimwa kwanza kwa nasaba yake, yaani mfululizo wa mama, bibi na mama wa bibi ambao uzazi wao ulijulikana na kushuhudiwa na watu waaminifu. Mbio, umbo na uvumilivu vilitazamwa pia, lakini dume mwenye asili ya kutiliwa shaka hakuruhusiwa kuwapanda majike bora wa zizi, hata angependeza kiasi gani. Farasi aliyetimiza sharti hilo la usafi wa uzazi aliitwa asil.

Nasaba ilifuata upande wa mama. Mabedui, ambao ndio walimu wa kweli wa elimu hii, waliwagawa farasi wao katika koo, na zinazotajwa zaidi ni Kuhaylan, Saqlawi, Ubayyan, Hamdani na Hadban. Mtoto aliingia katika ukoo wa mama yake, baba yake awe wa ukoo wowote. Jike ndiye aliyependelewa kupandwa katika uvamizi, naye alifungwa karibu kabisa na hema la mwenyewe, kwa hiyo kambi nzima ilijua alipandishwa na dume gani na alizaa lini. Kumuuza jike kama huyo lilikuwa jambo zito. Mara nyingi muuzaji alishikilia haki ya kupewa baadhi ya watoto majike watakaozaliwa, ili ukoo usimtoke mkononi.

Kwa sababu hiyo farasi wa namna hii alikuwa zawadi iliyofaa kutoka kwa mtawala kwenda kwa mtawala mwenziwe. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar, aliwaweka farasi wa Kiarabu miongoni mwa zawadi alizompelekea Rais Martin Van Buren wa Marekani kwa jahazi la Sultana, lililofika New York mwaka 1840 likiwa chini ya Ahmad bin Naaman. Sheria ilimzuia rais kujichukulia zawadi za wafalme, na farasi hao wakaishia mnadani.

Mtawala aliyelishughulikia suala la nasaba kwa bidii ya pekee, kwa maoni yangu kuliko mwingine yeyote wa zama zake, ni Abbas Pasha wa Kwanza, aliyetawala Misri tangu 1848 hadi alipouawa mwaka 1854. Hakutosheka kununua farasi kwa bei kubwa. Aliwatuma wajumbe wake jangwani wakawahoji masheikh na wazee wa makabila: jike huyu alitoka kwa nani, alifikaje kwa mmiliki wa sasa, bibi yake alizaliwa katika kabila gani? Majibu, mengi yakitolewa kwa kiapo, yaliandikwa na kukusanywa. Ushahidi uliokuwa ukikaa katika vifua vya wazee ukawa sasa mali ya zizi, pamoja na farasi wenyewe.

Faida ya maandishi hayo ilionekana zizi lilipovunjika. Mwanawe Abbas, Ilhami Pasha, alifariki mwaka 1860, na farasi waliobaki wakauzwa kwa mnada. Sehemu muhimu ilinunuliwa na Ali Pasha Sherif wa Cairo, aliyeendelea kuwazalisha kwa miaka mingi bila kuchanganya damu, mpaka mali yake nayo ikapungua. Hapo ndipo Waingereza wawili, Lady Anne Blunt na mumewe Wilfrid Scawen Blunt, waliokuwa wameanzisha zizi lao la Crabbet mwaka 1878, walipowapata baadhi yao. Mmoja alikuwa dume aliyeitwa Mesaoud, aliyefikishwa Uingereza mwaka 1891, na vizazi vyake vimeenea katika vitabu vya nasaba vya farasi wa Kiarabu vya mataifa mengi, ambavyo mpaka sasa havimsajili mtoto yeyote asiyethibitishwa mama na baba yake.