Kustahili Kufutwa si Kufutwa kwa Haki

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliiweka simu yake juu ya meza yangu na kunionyesha video ya mtunza stoo akitumbukiza mfereji mpya ndani ya mkoba wake. "Wakili, mwizi ndiye huyu. Nilimfukuza papo hapo. Kosa langu liko wapi?" Swali hilo nimelisikia hapa Nairobi hadi nimelichoka, kwa maana kila anayeliuliza huamini kwamba haki ni mtu kupata anachostahili, basi.

Sheria ya Ajira ya 2007 haisemi hivyo. Kifungu cha 45 kinamtaka mwajiri awe na sababu halali na pia afuate utaratibu wa haki, na ushahidi wa wizi, hata ukiwa wazi namna gani, hauzibi pengo la utaratibu. Utaratibu wenyewe umo katika kifungu cha 41: mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na wote wawili wasikilizwe kabla ya uamuzi kufanywa. Wajibu huo upo hata anapofutwa bila notisi kwa kosa kubwa, jambo ambalo wateja hulipokea kana kwamba nimelitunga mimi. Korti inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, ingawa huzingatia pia kiasi ambacho mfanyakazi alijiponza mwenyewe. Ndiyo maana huwaambia, hata kabla hawajaketi: andika barua ya kumtaka ajieleze, mpe siku za kujitayarisha, kisha kaeni kikao na mweke kumbukumbu.

Huenda lugha nayo inatuponza, kwa kuwa neno hilo hilo la haki ndilo analolilia mtoto aliyepewa chapati ndogo kuliko ya dada yake. Ndipo wengine hudhani kwamba wanandoa wakiachana, mali hukatwa nusu kwa nusu. Mnamo 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa Kifungu cha 45(3) cha Katiba hauleti mgao huo moja kwa moja. Kila mmoja huthibitisha mchango wake, na malezi ya watoto na kazi za nyumbani huhesabiwa.

Wapo pia wafanyakazi wanaoamini kwamba haki haiozi. Dai la kufutwa kazi huwasilishwa kortini ndani ya miaka 3, na barua za kumbembeleza mwajiri hazisimamishi hesabu hiyo.