Fomaika si plastiki tu

Wengi tunaamini kwamba fomaika ya mezani ni plastiki iliyobandikwa juu ya mbao, na kwamba kazi yake ni urembo. Ikate pembeni utaona rangi ya kahawia: hizo ni karatasi, tabaka juu ya tabaka, zilizoloweshwa resini ya finoli (aina ya gundi inayokuwa ngumu kwa joto) na kukandamizwa kwa joto kali. Melamini, resini nyingine ngumu, ndiyo inayofunika uso.

Herbert Faber na Daniel O'Conor walipoibuni Marekani mwaka 1912 hawakuwazia meza. Walitaka kizio, yaani kitu kisichopitisha umeme, mbadala wa madini ya ulanga. Mapambo yalifuata baadaye.

Tofauti kubwa na plastiki ya ndoo ni kwamba resini ya fomaika ikishaiva kwa joto hairudi kuyeyuka. Ukiizidishia joto itaungua na kuwa mkaa, lakini haitatiririka. Badilisha karatasi kwa kitambaa cha pamba, unapata gia za injini zenye kelele ndogo kuliko za chuma, na hata beringi zinazolainishwa kwa maji. Tumia kitambaa cha nyuzi za kioo na resini ya epoksi, unapata bodi ya kijani iliyomo ndani ya simu yako.

Udhaifu wa fomaika, iwe ya karatasi au ya kitambaa, uko kwenye tabaka. Ina nguvu ikivutwa kufuata tabaka, lakini nguvu ya kuzitenganisha huipasua kwa urahisi, na ya karatasi hunyonya maji kupitia kingo zilizokatwa, ikavimba.