Geuza karatasi: kiapo cha ofisa wa mgambo kipo nyuma ya kamisheni

Nianze na neno lenyewe maana najua kuna watakaocheka. Mgambo ninaowasema hapa sio wale jamaa wa jiji wanaopakia meza za wamachinga kwenye gari. Ni mgambo wa Massachusetts, Marekani, kuanzia miaka ya 1770 mpaka 1820 na kitu, yaani wakulima, mafundi viatu, wenye maduka, watu na shughuli zao, ambao sheria iliwataka wawe na bunduki nyumbani na watoke kwenye gwaride wakiitwa. Kazi yangu mimi ni kusoma makaratasi yao, na karatasi inayoniletea maswali kuliko zote ni kamisheni ya ofisa, yaani hati ya kumpa cheo. Mtu anaikuta kwenye kasha la ukoo, anaipiga picha, anauliza huyu mzee alikuwa nani na alipigana vita gani. Na karibu kila mara picha ni moja tu, ya mbele.

Jamani, geuzeni karatasi.

Kamisheni wengi mnaijua kwenye taarifa ya habari, Rais katunuku kamisheni kwa maofisa wapya kule Monduli, wanaapa, mambo yanaisha siku hiyohiyo. Massachusetts ilikuwa hivi: kamisheni inaandikwa Boston kwenye ofisi ya serikali, inasafiri mpaka kijijini kwa mhusika, na kiapo anakula hukohuko kwao, siku nyingine kabisa, mbele ya mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo karatasi moja ina tarehe mbili na mamlaka mbili. Mbele ni gavana, nyuma mara nyingi ni hakimu mdogo wa pale kijijini, au ofisa wa juu yake ambaye mwenyewe kashaapa. Cheti cha nyuma ni kifupi, kinasema fulani aliyetajwa upande wa pili amekuja mbele yangu mwenyewe, ameapa na kutia saini viapo vinavyotakiwa na katiba na sheria za Massachusetts pamoja na sheria ya Marekani. Hiyo "sheria ya Marekani" watu huwa inawachanganya, wanadhani jamaa kaingia jeshi la taifa. Hapana. Ni ile sheria ya kwanza kabisa ya Bunge jipya la Marekani, George Washington aliitia saini tarehe 1 Juni 1789, na ilihusu viapo tu, kwamba maofisa wa majimbo nao waape kuitetea katiba ya nchi. Kiapo chenyewe kilikuwa sentensi moja, ukivuta pumzi kimeisha.

Turudi upande wa mbele wa karatasi. Fomu imechapwa, nafasi zimeachwa wazi, jina na cheo vinajazwa kwa kalamu ya unyoya, wino umeshageuka kahawia kama chai ya rangi. Usishtuke ukiona "Maffachufetts", hiyo ni herufi s ya kizamani inayofanana na f, kwenye fomu za karibu na 1800 ndio inaanza kupotea. Maneno ni ya adabu nyingi, wewe bwana fulani, salamu, kwa kuwa tuna imani kubwa na uwezo wako, ushujaa wako na mwenendo wako mwema, basi tunakupa kamisheni. Ukisoma hivyo utadhani gavana kakaa chini kamfikiria huyo mkulima. Wala! Katiba ya Massachusetts ya 1780 ilisema kapteni na maofisa wa chini yake wanachaguliwa kwa kura za maandishi na watu wa kombania yao wenyewe, halafu makapteni na wale wa chini yao wanachagua maofisa wa rejimenti, yaani kikosi cha kombania kadhaa, na hao wanachagua brigedia. Gavana anatoa karatasi tu. Yaani majirani zako ndio wanakupa cheo, na wakikuona una roho mbaya hawakupi. Mpaka 1821 wapiga kura walitakiwa wawe na miaka 21, wakati kijana wa 18 alikuwa anabeba bunduki kama kawaida, ndipo wakarekebisha katiba hata wa chini ya 21 wapige kura. Mtindo huu wa kuchaguana haukuwa wa kwao peke yao, Abraham Lincoln naye alichaguliwa kapteni wa mgambo na wenzake kule Illinois mwaka 1832, na baadaye sana bado alikuwa anasema ushindi ule ulimfurahisha mno.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Mimi huwa nasema mbele ya karatasi inakuonyesha nani anadai ana madaraka, na kiapo kinakuonyesha hao wenye madaraka walikuwa wanamwogopa nani. Ukizipanga kwa miaka unaiona hofu yenyewe ikibadilika.

Ofisa wa enzi za ukoloni aliapa utii kwa mfalme wa Uingereza, na juu yake akatia saini tamko kwamba haamini mkate na divai ya kanisani vinageuka kuwa mwili na damu. Ofisa wa mgambo, kapteni wa wakulima, anaulizwa habari za ekaristi! Lilikuwa chujio la kuwazuia Wakatoliki, basi. Halafu ikaja 1775, vita vya kujitoa kwa Waingereza vimeshaanza, gavana wa mfalme hatambuliki tena, kwa hiyo Baraza la Massachusetts lenye wajumbe 28 likachukua kazi yake, na kamisheni ikawa lazima isainiwe na zaidi ya nusu ya Baraza. Ndio maana kamisheni za muda ule zina saini 15 zimepangana pembeni kama mahudhurio ya kikao cha harusi. Na kichekesho ni hiki, nyingi za hizo bado zinahesabu tarehe kwa miaka ya utawala wa Mfalme George wa Tatu. Mtu anapewa karatasi ya kwenda kupigana na askari wa mfalme na karatasi inamtaja mfalme kwa heshima zake zote. Kasoro hiyo waliiona wenyewe, tarehe 1 Mei 1776 wakapitisha sheria ya kuliondoa jina la mfalme kwenye kamisheni na hati nyingine kuanzia mwezi Juni, ikabaki kwa jina la serikali na watu wa Massachusetts Bay, ndivyo Massachusetts ilivyoitwa wakati huo. Hiyo ni kabla ya Julai 4, siku ya uhuru wa Marekani ambayo wote tunaijua. Kwa hiyo ukiona kamisheni ya Massachusetts inataja mfalme na tarehe ni Agosti 1776, anza kuwa na wasiwasi.

Kiapo cha katiba ya 1780 ni kirefu kinachosha. Unakiri kwamba Massachusetts ni dola huru na ina haki ya kuwa huru, unamkana mfalme wa Uingereza, unakana kwamba mtawala au askofu yeyote wa nje ana mamlaka humu ndani, ya kiserikali au ya kiroho (hapo wanamsema Papa bila kumtaja). Halafu 1821 wakakifuta chote wakaweka kifupi, nitakuwa mtiifu kwa Massachusetts, nitaitetea katiba yake, Mungu nisaidie. Waquaker, ambao dini yao inawakataza kuapa, waliruhusiwa kuthibitisha tu na kusema nafanya hivi nikijua adhabu ya kusema uongo. Mfalme hayumo, Papa hayumo. Miaka 40 imepita, hofu imekwisha.

Na kiapo kirefu hakimzuii mtu. Mwaka 1778 Bunge la muda wa vita liliagiza maofisa wa jeshi la Washington, hilo ni jeshi la kudumu na sio mgambo, waape kumkana mfalme kwenye fomu za kuchapwa. Washington aliapa tarehe 12 Mei pale Valley Forge. Tarehe 30 Mei, kambini hapohapo, mbele ya Henry Knox mkuu wa mizinga, fomu ileile ikasainiwa na Benedict Arnold, ambaye 1780 alihamia kwa Waingereza na jina lake mpaka leo huko ni tusi la msaliti. Fomu yake ipo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, saini nzuri tu, haina hata doa.

Nikiri na langu. Zamani kidogo niliwahi kusoma kamisheni iliyokuwa kwenye fremu, nikamwambia mwenye nayo kwa kujiamini kabisa kwamba babu yenu alianza ukapteni tarehe hii, nikaandika na ripoti. Baadaye fremu ikavunjika, karatasi ikatolewa, nyuma kuna kiapo kilicholiwa miezi kadhaa baada ya ile tarehe niliyoisoma. Ripoti ikabidi irudiwe, na aibu nikaimeza. Tangu siku hiyo fremu sitaki hata kuiona. Mbaya zaidi ni zile zilizogandishwa na gundi kwenye kadibodi, hapo kiapo kimezikwa, na usijaribu kubandua mwenyewe kwa maji ya moto kama nilivyomsikia mtu, mpelekee fundi wa kuhifadhi karatasi.

Muhuri nao usiupite. Sio lakiri nyekundu ya kwenye sinema, mara nyingi ni kipande cha karatasi kimebandikwa na kukandamizwa, picha haionekani ukiangalia moja kwa moja. Zima taa, mulika tochi ya simu kutoka ubavuni. Mtu mwenye upanga mkono mmoja na hati mkono mwingine, huo ni wa 1775, aliuchonga Paul Revere, mfua fedha wa Boston. Mwenyeji wa asili mwenye upinde na mshale, hiyo ni kuanzia mwisho wa 1780. Na kama kona ya karatasi imekatwa kwa mkasi vizuri, huenda saini ya gavana John Hancock ndiyo iliyoondoka, wakusanyaji saini hawana huruma.

Vita gani alipigana? Mara nyingi hakuna. Kapteni wa mwaka 1798 alikuwa anakagua wanaume wake Jumanne ya kwanza ya Mei, anahesabu bunduki na mikoba ya risasi 24 kama sheria ya 1792 ilivyotaka, wanarudi nyumbani, na wanakijiji wanamwita Kapteni mpaka anakufa na kwenye kaburi wanaliandika. Kama alienda vitani kweli jina lake litafute kwenye orodha za malipo, maana hapo kila siku aliyotumika imelipwa na imeandikwa. Na nyuma ikiwa tupu kabisa, usikimbilie kusema hakuapa, tafuta kwanza karatasi ya kuachishwa cheo, watu hawaachishwi cheo ambacho hawakukishika.