Taya Linalia "Ka!" na Sindano Hairudishi Mfupa

Mimi natibu kwa akupancha, tiba ya Kichina ya kudunga sindano nyembamba, na wiki haipiti bila mtu kuketi mbele yangu, kupanua kinywa mpaka mlio utoke, kisha kuniambia: "Umesikia, daktari? Basi nidunge mfupa urudi mahali pake." Hakuna mfupa uliotoka. Taya likichomoka kweli, kinywa hubaki wazi, mate yanakutoka na maneno hayaeleweki. Huyo ni wa kukimbizwa hospitalini, si wa kuletwa kwangu.

Mbele kidogo ya sikio, kati ya kichwa cha mfupa wa taya na fuvu, kuna kisahani cha gegedu. Ukifungua kinywa, kichwa cha mfupa huzunguka kwanza, kisha huteleza kwenda mbele, na kisahani huenda nacho. Watu wengi sana kisahani chao kimesogea mbele kidogo, mfupa unapokipanda, "ka!" Kama huna maumivu, na vidole vyako vitatu vinapita wima kati ya meno ya mbele, mlio huo hauhitaji tiba yoyote. Uache ulie.

Akupancha haikigusi hicho kisahani. Inachoshughulikia ni misuli ya kutafunia iliyokaza na maumivu yake. Nikitafuta Jiache, mojawapo ya sehemu za kudunga, nakwambia ubane meno: msuli unatuna upana wa kidole kimoja hivi mbele na juu ya pembe ya taya. Ukishaachia, nadunga papo hapo. Xiaguan iko chini ya mfupa wa shavu, karibu na sikio, ni kishimo ambacho hukipata kinywa kikiwa kimefungwa na hupotea kikifunguliwa. Ndiyo sababu nakukataza porojo ukiwa na sindano hapo. Mara nyingi naongeza Hegu, mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada, ila kwa mjamzito naiacha. Unasikia uzito shavuni, unalala dakika 20 au 30, unaamka umelegea. Halafu unapanua kinywa: "Ka!" Na mimi naambiwa tiba imeshindwa.

Hapo ndipo ninapochoka. Mtu yumo kwenye matatu, anafungua kinywa kusikiliza kama mlio bado upo. Akifika kazini anasukuma taya kushoto, anasukuma kulia, anasikiliza tena. Kiungo kinachochokozwa kutwa kucha kitatulia lini? Midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi utulie juu nyuma ya meno ya mbele. Ukiwa umepumzika, kati ya meno ya juu na ya chini panatakiwa nafasi ya milimita 2 hadi 4. Jichunguze ukiwa kwenye foleni ya magari au unasoma ujumbe wa mwenye nyumba, utajikuta umeyauma. Nayarudia haya kwa kila mgonjwa, na wengi wanataka sindano tu. Wapo pia wenzetu hapa Mombasa wanaokaa na miraa tangu alasiri hadi usiku wa manane, na chingamu juu yake. Misuli imetafuna kwa saa nyingi mfululizo, halafu niilegeze kwa nusu saa?

Wengine huniuliza ni dawa gani iliyomo kwenye sindano. Hamna. Ni chuma kitupu kisicho na tundu, na za usoni nyingi zina unene wa kama milimita 0.2. Hufunguliwa pakiti mbele yako, hutumika mara moja, hutupwa. Ukiona inatoka kwenye chombo kisichoeleweka, vaa viatu uondoke. Unaogopa utapooza uso? Cha kawaida ni tone la damu au alama ya bluu ya siku chache. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, niambie kabla sijaanza.

Kuna waliokwisha kung'olewa gego lisilo na ubovu kwa sababu ya msuli. Msuli wa shavu ukikaza hupeleka maumivu kwenye magego, nawe ukaapa ni jino. Mwambie daktari wa meno akuonyeshe ubovu kwenye eksirei kabla hajashika koleo. Lakini jino lenye usaha usiniletee mimi.

Na wanaodhani sindano peke yake inatosha: mwaka 2023 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha mwongozo wa jopo la kimataifa kuhusu maumivu sugu ya taya. Akupancha ilipendekezwa, ila kwa tahadhari. Waliyoyasisitiza zaidi ni mazoezi ya taya chini ya msimamizi, kukandwa misuli, na tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na tabia. Sindano zangu hurahisisha mazoezi hayo. Usipoyafanya, tutaonana tena mwezi ujao na lalamiko lile lile.

Taya linalokaza siku kadhaa baada ya jeraha, na shingo ngumu pamoja nalo, lichukulie kuwa pepopunda mpaka hospitali iseme sivyo. Na maumivu ya taya yanayokuja ukipanda ngazi na kutulia ukisimama, nenda ukapimwe moyo leo hii.